Simu yako inadhani ikweta ya sumaku iko Lodwar

Najua niliahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata, na wawili watatu mmekwisha kunikumbusha. Itakuja. Leo nina jambo linalonikera zaidi, na katika kulifuatilia nimekutana na mwanasayansi ambaye jina lake sikulisikia hata mara moja katika miaka minne ya kusomea sayansi ya kompyuta. Anaitwa Pierre Gouin. Alikuwa padre Mjesuiti kutoka Quebec, Kanada, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia Addis Ababa akipima sumaku ya dunia. Mtauliza padre na msimbo wangu wapi na wapi. Subirini kidogo.

Kwa wageni wa blogu hii: nakaa Ainabkoi, huku juu ambako viazi vinastawi na jua likichelewa tunavaa koti mpaka saa nne. Ninaandika programu za simu. Mwaka jana nilipata kazi ya kampuni moja (sitaitaja) inayowalimia wakulima kwa trekta na kuwapa mbegu kwa mkopo. Wanadai kwa ekari, kwa hiyo wanahitaji kujua ukubwa wa kila shamba. Mfanyakazi wao anazunguka shamba kwa miguu akiwa na simu, programu yangu inachora mpaka na kupiga hesabu. Hakuna vifaa vya gharama, ni simu za kawaida tu.

Malalamiko yakaanza. Shamba moja lilipimwa asubuhi, likapimwa tena jioni na mtu yule yule, na michoro haikulaliana. Ukubwa ulikaribiana, lakini shamba zima lilikuwa limesogea mita kadhaa kuelekea upande mmoja. Kwenye mchoro wa jioni, mpaka ulikuwa ndani ya viazi vya jirani.

Kwa mtu wa Nairobi mita nne ni nafasi ya kuegesha gari. Kwa sisi wa Ainabkoi na Burnt Forest mambo ni tofauti. Waliokuwa watu wazima 1992 wanakumbuka, na waliokuwa watoto mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, kama mimi, tunakumbuka. Watu hawakufukuzana hapa kwa sababu ya GPS, na wala sisemi hivyo. Nasema tu kwamba hapa huwezi kumpa mtu karatasi iliyochapishwa na tarakilishi, yenye mstari mwekundu unaopita ndani ya ua wa jirani yake, halafu ukasema "ni makosa madogo ya kiufundi". Mama mmoja aliyeona mchoro wa jioni aliuliza swali moja tu: "Kijana, hii karatasi nani mwingine ameiona?"

Kampuni ilikuwa na suluhisho lake. Walitaka vipimo visivyofanana na hati ya shamba vifutwe vyenyewe, kimya kimya, vibaki vile vinavyokubaliana. Wao waliita "kusafisha data". Niliomba muda.

Nilichofanya ni rahisi, mnaweza kukirudia. Kwa baba yangu mdogo kuna jiwe la mpaka lililochimbiwa ardhini na wapima ardhi, mahali pa wazi, mbali na mitarakwa na mabati. Nililaza simu juu yake, nikaiunganisha na betri ya akiba, nikaiacha irekodi mahali ilipo kila sekunde, mchana na usiku, siku kadhaa. Jiwe halitembei. Kila mwendo uliorekodiwa ni uongo wa setilaiti, au wa simu, au wa kitu kilichopo katikati.

Na mwendo ulikuwa na ratiba! Kabla ya mapambazuko, nukta zilitulia kama kuku kwenye banda. Jua likipanda zinaanza kusogea, mchana kuelekea alasiri zinafika mbali zaidi. Halafu kuanzia kama saa mbili usiku, baadhi ya jioni, linatokea jambo tofauti kabisa: setilaiti moja inapotea, inarudi, ya pili inapotea, nukta zinarukaruka hovyo, kisha karibu na saa sita usiku kila kitu kinatulia. Hitilafu ya msimbo haina desturi ya kuangalia jua. Hapo ndipo nilipoacha kusoma msimbo wangu nikaanza kusoma fizikia.

Kitu kilichopo katikati kinaitwa ionosfia. Ni sehemu ya juu ya angahewa, kuanzia kama kilomita 80 na kuendelea hadi mamia ya kilomita, ambako mwanga mkali wa jua unazing'oa elektroni kutoka kwenye hewa. Mawimbi ya redio yakipita humo yanacheleweshwa. GPS ni saa tu, ikichelewa unahesabu umbali mrefu kuliko ulivyo. Mchana jua linazalisha elektroni nyingi, usiku zinapungua. Ndiyo ratiba niliyoiona. Na tulikuwa karibu na kilele cha mzunguko wa jua wa miaka kumi na moja hivi; mwezi Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limeingia kwenye kipindi chake cha juu kabisa. Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 10 na 11 Mei 2024, dhoruba ya jua iliwalazimisha wakulima wa Marekani wanaopanda kwa matrekta ya GPS kusimama katikati ya msimu.

Sasa, simu si mjinga kabisa. Ndani yake kuna fomula ya kurekebisha ucheleweshaji huo. Aliyeibuni ni John Klobuchar, mtafiti wa maabara ya jeshi la anga la Marekani, na wenye kupenda msimbo mtaifurahia. Setilaiti inatuma namba nane tu. Simu inazichukua, inaangalia saa ya mahali ulipo na latitudo yako ya sumaku, kisha inachora kilima: usiku ucheleweshaji ni nanosekunde 5, haubadiliki (kama mita moja na nusu), na kilele cha mchana ni saa nane kamili. Imeandikwa hivyo hivyo, sekunde 50,400 tangu usiku wa manane, kwa dunia nzima. Klobuchar mwenyewe hakudai makubwa, alilenga kuondoa takriban nusu ya kosa. Kwa namba nane, na vikokotoo vya wakati huo, naona ni kazi ya fundi hodari.

Lakini angalieni hiyo "latitudo ya sumaku". Ionosfia haijali ikweta ile ya ramani, ile yenye kibao ambacho watalii wanapiga picha. Inafuata ikweta ya sumaku, mahali ambapo sindano ya sumaku inalala sawasawa bila kuinama juu wala chini. Huku kwetu, sindano iliyoachwa huru haitalala. Itainama nyuzi ishirini hivi. Simu inakadiriaje umbali wako kutoka ikweta hiyo? Kwa mstari mmoja wa msimbo. Inachukua latitudo yako na kuongeza 0.064 mara kosaini ya longitudo yako kutoa 1.617, vipimo vikiwa katika nusu duara. Ukizitafsiri namba hizo: dunia ni kama fimbo moja ya sumaku iliyoinama nyuzi 11.5, na ncha yake iko kaskazini magharibi mwa Greenland. Basi.

Nikafanya hesabu ya huku. Pale longitudo 36 inapokatiza Kenya, kwa mujibu wa fomula ile ikweta ya sumaku inapita latitudo 3 kaskazini, yaani jirani na Lodwar. Nikaenda kwenye vipimo halisi vya sumaku ya dunia. Ikweta halisi, ile ya sindano kulala, inapita Ethiopia, karibu na latitudo 9, jirani na Addis Ababa. Tofauti ni zaidi ya kilomita 600! Simu iliyo Ainabkoi inajiona iko kama nyuzi tatu kutoka ikweta ya sumaku, wakati ukweli ni kama kumi. Dunia si fimbo moja. Ina mabonde na vilima vya sumaku, na Afrika Mashariki tumekaa mahali ambapo fimbo ile inakosea vibaya.

Sasa tuje kwa padre.

Mwaka 1950 Ethiopia ilifungua chuo chake cha kwanza cha elimu ya juu, University College of Addis Ababa, na Wajesuiti wa Kanada ndio walioombwa kukiendesha. Gouin alikuwa mmoja wa walimu. Kisha ukaja Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 hadi Desemba 1958, nchi nyingi zikakubaliana kuipima dunia yao kwa wakati mmoja. Wanasayansi wakatazama ramani: ikweta ya sumaku inapita wapi, na wapi kuna watu wa kutunza vifaa? Tangu 1922 Peru walikuwa na kituo Huancayo, na huko ndiko ilikogunduliwa kwamba kwenye ikweta ya sumaku mchana nguvu ya sumaku inapanda kupita kawaida. Afrika ilikuwa na pengo kubwa. Addis Ababa imekaa karibu juu ya mstari wenyewe. Gouin akaanzisha kituo cha jiofizikia hapo chuoni, na mwaka 1958 kikawa kinarekodi.

Kinachopandisha sumaku mchana ni mto wa umeme. Kilomita 100 hivi juu ya ikweta ya sumaku, jua likiwaka, umeme unatiririka kutoka magharibi kwenda mashariki katika ukanda mwembamba wa kilomita mia kadhaa. Mwingereza Sydney Chapman aliuita elektrojeti mwaka 1951. Huuoni, hauna sauti, lakini kifaa kilichopo chini kinauhisi. Sumaku ya Addis ina ukubwa wa nanotesla 36,000 hivi. Mto huo mchana unaongeza makumi ya nanotesla, siku nyingine unafika mia. Enzi za Gouin kazi hiyo ilifanywa na kijisumaku chenye kioo kilichoning'inizwa gizani, mwale wa mwanga ukigonga kioo na kuchora mstari kwenye karatasi ya picha inayozunguka polepole. Kila siku unatoa karatasi, unasafisha picha, unapata kilima kimoja. Kesho yake kilima. Keshokutwa kilima.

(Kidogo pembeni. Sisi tunaosema saa sita mchana jua likiwa utosini, na Waethiopia wanaohesabu vivyo hivyo, tuna saa inayoufaa mto huu. Kilima chake kinafika juu kati ya saa tano na saa sita, kinaanza na alfajiri na kwisha magharibi. Nimepoteza nusu siku nikibadilisha saa za UTC kwenda saa za Nairobi ili nione kitu ambacho saa ya kogo ingenionyesha bila hesabu.)

Baadhi ya siku kilima hakikutokea. Mstari ulishuka chini ya usawa wa usiku, kana kwamba mto umegeuka unatiririka kuelekea magharibi. Haikuwa siku za dhoruba ya jua, ambapo mtu angetegemea vurugu. Zilikuwa siku tulivu. Jiwekeni mahali pake. Una kituo kichanga, katika chuo kichanga. Huancayo wana rekodi za zaidi ya miaka thelathini. Ramani zote za kinadharia zinasema mchana mto unakwenda mashariki. Karatasi yako inasema leo umekwenda magharibi. Rahisi ni kusema kifaa kimeguswa, unyevu umeingia, fundi aliacha mlango wazi. Siku hizo zikiondolewa, wastani wa mwezi unapendeza.

Gouin hakuziondoa. Mwaka 1962 alichapisha katika jarida la Nature andiko fupi kuhusu kugeuka kwa mwendo wa kila siku wa sumaku Addis Ababa. Mwaka 1967 akarudi, safari hii pamoja na Pierre-Noël Mayaud, Mfaransa na Mjesuiti mwenzake, wakauliza waziwazi kama kunaweza kuwepo mto wa kinyume, na wakaupa jina kwa Kifaransa: contre-électrojet. Jina limebaki hadi leo katika lugha zote. Mayaud naye si mtu wa kupitwa hivi hivi. Yeye ndiye aliyetengeneza kipimo cha msukosuko wa sumaku kinachorudi nyuma hadi 1868, kwa kutumia rekodi za zamani za Uingereza na Australia. Hebu fikirini kazi hiyo bila tarakilishi ya maana.

Kuna jambo ninalolipenda katika kichwa cha andiko la 1967. Wanasema "kuhusu uwezekano wa kuwepo". Miaka mitano baada ya andiko la kwanza, na bado wanasema uwezekano. Kwenye fani yetu mtu akipata grafu mbili zinazofanana anatangaza bidhaa mpya wiki hiyo hiyo.

Chanzo cha kugeuka huko kimewashughulisha watu kwa miongo mingi. Mawimbi ya hewa yanayoenda na mwezi yamo, kama bahari inavyokupwa na kujaa. Na Januari 2009, hewa ya juu ya ncha ya kaskazini ilipopata joto ghafla katikati ya majira ya baridi kali, ionosfia ya ikweta ilibadilika kwa siku nyingi mfululizo, asubuhi ikivutwa upande mmoja na alasiri upande mwingine. Yaani upepo wa juu ya Aktiki unaweza kuugeuza mto wa juu ya Ethiopia. Kama mtu angekuwa amefuta siku "mbaya" za miaka ya sitini, leo tusingekuwa na cha kulinganisha.

Kazi ya Gouin haikubaki kwenye sumaku. Mwaka 1961 tetemeko la Kara Kore liliharibu makazi kaskazini mashariki mwa Addis, na Machi 1969 mji mdogo wa Serdo, huko Afar, ulibomoka. Mwenye vifaa vya kusikiliza ardhi alikuwa yeye. Akaanza kukusanya habari za matetemeko ya kale, katika kumbukumbu za watawa na wafalme na wasafiri, na mwaka 1979 kikatoka kitabu chake cha historia ya matetemeko ya Ethiopia na Pembe ya Afrika, ambacho wahandisi wamekitegemea kwa muda mrefu. Uzeeni akafanya kazi kama hiyo kwa kwao Quebec, kitabu kikatoka 2001. Wengine huona hapo mtu aliyebadilisha fani. Mimi naona kazi ile ile: kutafuta siku ambazo mstari haukukaa sawa, na kuziandika tarehe.

Kenya je? Hatukuwa watazamaji tu. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, ikaenda kupima hewa ya juu ya ikweta. Mwaka 1971 N. J. Skinner na R. F. Kelleher wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha utafiti kuhusu vurugu za tabaka la F juu ya Nairobi. Someni hapo vizuri, kwa sababu hizo vurugu ndizo zilizorusha nukta zangu saa mbili usiku! Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfia inakwisha haraka, ile nzito inabaki juu ya nyepesi. Mmewahi kuchemsha maziwa yakatanda malai? Joto likipanda kutoka chini, mapovu yanatoboa. Ndivyo mapovu ya hewa nyepesi yanavyopenya kwenda juu mamia ya kilomita, na mawimbi ya redio yakipita katikati yake yanametameta kama nyota. Simu inapoteza setilaiti. Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, hali huwa mbaya zaidi.

Na si Nairobi tu. Nilipokuwa nikitafuta makala za ionosfia ya Afrika Mashariki, nilikuta kifupisho MOIU kinajirudia katika orodha za vituo, pamoja na MBAR cha Mbarara na MAL2 cha Malindi. MOIU ni mtambo wa GPS uliowekwa Chuo Kikuu cha Moi, pale Kesses. Kesses! Ng'ambo ya vilima hivi. Watafiti wamehesabu elektroni za juu ya mashamba yetu kwa kutumia mtambo huo, na mimi nilikuwa natafuta majibu California.

Vijana wa fani hii wapo, na wengi wanatumia zana tunazozijua. John Bosco Habarulema, Mganda, alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, akiwa ametumia mitandao ya neva kutabiri wingi wa elektroni kutokana na data za GPS. Makala yake ya kwanza ya mitandao hiyo ni ya 2007, kabla neno "AI" halijawa kibao cha kila kioski. Kituo chake cha kazi, Hermanus, kimekuwa kikipima sumaku tangu 1941. Mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa timu iliyoongozwa na Mnigeria Daniel Okoh iliyotoa modeli ya ionosfia kwa bara zima la Afrika, iliyofundishwa kwa vipimo vya Afrika. Hiyo haidhani ikweta iko Lodwar.

Turudi kwenye simu, maana wengine mnataka dawa. Zipo mbili. Simu zenye masafa mawili (za kwanza zilitoka 2018) zinasikiliza setilaiti moja katika megahezi 1575.42 na 1176.45. Ionosfia inachelewesha masafa ya chini zaidi, kwa kanuni inayojulikana, kwa hiyo tofauti ya hizo mbili inakupa kosa lenyewe na unalitoa. Huhitaji kukisia. Dawa ya pili ni Galileo, mfumo wa Ulaya. Fomula yake, NeQuick, iliyotoka ICTP kule Trieste pamoja na Chuo Kikuu cha Graz, haitumii fimbo ya sumaku. Ina jedwali la miinamo halisi ya sindano, dunia nzima. Lakini simu za wafanyakazi wa kampuni ni zile za bei nafuu, masafa moja, na siwezi kuwanunulia nyingine. Na mapovu ya usiku yanazisumbua hata zile za gharama.

Kwa hiyo niliandika ripoti. Nilipendekeza mambo matatu. La kwanza, hakuna kipimo kinachofutwa; kila nukta inahifadhiwa jinsi simu ilivyoiona, na saa yake, na setilaiti zilizokuwepo. La pili, upimaji ufanyike asubuhi, kabla ya saa nne. La tatu, mchoro unaompa mkulima uwe na mstari mnene wenye upana wa mashaka yake, na chini yake maandishi makubwa: HII SI RAMANI YA MPAKA.

Walikubali la pili mara moja, halina gharama. La tatu walibishana nalo wiki mbili, meneja mmoja akisema mstari mnene unaonyesha kampuni haijui kazi. Nilimwambia aende Ainabkoi na mstari mwembamba, ausimamie mwenyewe mbele ya majirani wote wawili. Mstari mnene ukapita. La kwanza wamekataa hadi sasa. Wanasema seva ni pesa, na mkaguzi wao akikuta vipimo viwili vya shamba moja atauliza kipi ni cha kweli. Swali zuri, na jibu langu ni kwamba vyote viwili ni vya kweli kuhusu anga na hakuna hata kimoja kilicho kweli kabisa kuhusu ua. Halikuwafurahisha.

Nilipiga hesabu ya ukubwa. Nukta zote za msimu mzima, mashamba yote ya eneo hili, baada ya kukandamizwa, zinaingia kwenye flashi moja ya bei ya debe la viazi. Wamekubali niihifadhi mimi, bila majina ya wakulima. Hapa mezani iko ya kwanza, nimeibandika karatasi yenye mwezi na mwaka.

Addis bado wanarekodi, kwa njia. Kituo cha Gouin kimo katika mtandao wa kimataifa wa vituo vya sumaku, INTERMAGNET, kifupisho chake ni AAE, na data zake mtu yeyote anaweza kuzishusha. Nimeshusha miezi kadhaa na kuandika programu ndogo ya Python ya kuchora siku moja moja, saa zikiwa za Kiswahili. Nyingi ni kilima. Kuna alasiri moja ya Januari ambapo mstari unashuka saa nane, unakaa chini mpaka saa kumi na moja, halafu unarudi. Nitaweka msimbo hapa Jumamosi, stima ikiwepo.